Kidonda cha samaki hakina kigaga

Ukiingiza miguu katika maji ya Wadi Bani Khalid, huko Sharqiyah, Oman, punde utazungukwa na visamaki vinavyokudonoa kisigino. Ni samaki wa jenasi ya Garra, jamaa wa wale wasio na macho wa pango la Al Hoota, karibu na Al Hamra, upande wa Nizwa. Wadi ikishuka kwa mafuriko, samaki hao huburutwa pamoja na changarawe na kuchubuka. Sasa kidonda kisichopata kukauka hufunga vipi?

Ngozi yetu kwa nje ni seli zilizokufa. Tukichubuka, damu huganda, kigaga hushika, na seli mpya hutambaa polepole chini yake. Kwa samaki, ngozi ni hai mpaka seli ya nje kabisa, na juu yake umetandwa ute unaozuia vijidudu. Hata magamba yamo ndani ya ngozi hiyo. Gamba linapong'oka, samaki amekwisha pata jeraha.

Jeraha hilo lisipozibwa upesi, samaki wa wadi hunyonya maji kupita kiasi, na wa baharini hupoteza ya mwilini. Kwa hiyo seli za ukingoni hazingoji kuongezeka. Hujinyoosha, huachia zilipojishika, na kusogea zikivutana kama wavuvi wanaokokota jarife kutoka pande mbili. Kwa samaki mdogo mwenye milia anayefugwa maabara, kidonda cha milimita 2 hufunikwa ndani ya siku moja. Lakini kufunikwa si kupona. Chini ya utando huo mwembamba bado kuna kazi ya kuondoa seli zilizoharibika, kushona nyama upya na kuotesha magamba, na hiyo huchukua wiki kadhaa.

Hapo ndipo baridi inapoingia. Joto la mwili wa samaki walio wengi hufuata joto la maji. Maji yakipoa, askari wa mwili huzubaa na ujenzi wa ndani hukawia kuliko ule utando wa juu. Wafugaji wa samoni wa Norway wanaujua ugonjwa wa vidonda vya majira ya baridi: maji yakishuka chini ya nyuzi 8 hivi, bakteria aitwaye Moritella viscosa, anayestawi katika baridi, huwahi kidonda kabla hakijapona.

Oman haina baridi ya namna hiyo. Ila bahari yake nayo hupoa: msimu wa kusi, upepo husukuma maji ya juu mbali na pwani ya Al Ashkharah, na maji baridi ya kilindini hupanda.

Basi mvuvi anayetaka kumrudisha samaki majini, pwani au wadini, alowanishe mikono kwanza. Asimshike kwa kitambaa wala kumlaza mchangani: ute ukifutika, ngozi imebaki bila kinga, na kwenye maji baridi kuirudisha huchukua muda zaidi.