Shahada ya Uuguzi kwa Mwaka Mmoja: Jamaa Nzima Hapana Budi Kujiandaa

Nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki, zikiwemo za askari jeshi na polisi, zina kaka, dada au mtoto anayeishi Marekani. Siku moja hupiga simu na kusema: "Nimepata nafasi ya kusomea uuguzi. Ni mwaka mmoja tu." Furaha huenea nyumbani, na wengine huanza kuhesabu fedha zitakazotumwa. Lakini katika maneno hayo yote, neno "tu" ndilo linalostahili kupimwa kwa uangalifu.

Ni kweli kwamba njia hiyo fupi ipo. Chuo Kikuu cha Saint Louis, katika jimbo la Missouri, kiliianzisha mwaka 1971, na leo inafundishwa katika mamia ya vyuo vya nchi ile. Imewekwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kupata shahada ya kwanza katika fani nyingine, iwe ni biashara, kilimo au ualimu. Masomo ya jumla aliyoyasoma zamani hukubaliwa, naye husoma uuguzi peke yake kwa muda wa miezi 11 hadi 18, badala ya miaka minne. Kilichopunguzwa ni muda. Kazi yenyewe haikupunguzwa hata kidogo.

KABLA YA MLANGO KUFUNGULIWA

Safari huanza mapema kuliko watu wadhanivyo. Kwanza, mwenye shahada ya nchi nyingine hupeleka hati zake kwa wakaguzi ili zilinganishwe na za Marekani. Pili, vyuo hudai masomo ya sayansi yawe yamekwisha kusomwa: muundo wa mwili na kazi za viungo vyake, elimu ya vijidudu, kemia, takwimu, na mara nyingi lishe na saikolojia. Mhasibu ambaye hakuyasoma hayo huenda akatumia mwaka mzima kuyatafuta. Kwa hiyo "mwaka mmoja" aghalabu huwa miwili.

Kadhalika, hakuna anayekaribia kitanda cha mgonjwa kabla ya kuonyesha kwamba amechanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B na magonjwa mengine, amepimwa kifua kikuu, amejifunza kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama, na hana rekodi mbaya ya jinai. Yafaa mambo haya yashughulikiwe mapema, kwa sababu chanjo nyingine hutolewa kwa awamu za miezi kadhaa.

JUMA LILIVYO

Askari yeyote akumbuke siku zake za ukuruti, naye atafahamu hali ya mwanafunzi huyu. Siku kadhaa za juma huwa darasani. Siku nyingine huripoti hospitalini alfajiri, akiwa amevaa sare safi na kubeba saa yenye mshale wa sekunde, akafanya zamu ambayo yaweza kufika saa 12. Katika muda huo mfupi hupitishwa wodi za watu wazima, za upasuaji, za watoto, za wazazi na za wagonjwa wa akili, na kazi ya afya ya jamii. Likizo ndefu hakuna. Somo linalofundishwa kwa wiki 15 katika utaratibu wa kawaida huweza kumalizika kwa wiki saba au nane, na mtihani hufuata mtihani.

Alama za kufaulu katika vyuo vingi huwa karibu na 75 kwa mia. Anayeanguka somo moja huenda akasubiri kundi lijalo, au akaondolewa kabisa, na ada iliyolipwa hairudi.

HESABU INAYOOKOA MAISHA

Somo moja huwatisha wengi, nalo ni hesabu ya dawa. Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba, ila kosa lake ni zito. Daktari akiagiza lita 1 ya maji ya dripu kwa saa 8, muuguzi hugawanya mililita 1,000 kwa 8 na kupata mililita 125 kwa saa. Ikiwa mpira hudondosha matone 15 kwa kila mililita, hayo ni matone 1,875 kwa saa, yaani kama 31 kwa dakika.

Mwanafunzi hufundishwa pia kwamba nusu miligramu huandikwa 0.5, wala sifuri ya mbele haiachwi. Kwani nukta isipoonekana, mgonjwa atapewa 5, yaani mara kumi ya kipimo chake. Vyuo vingi huwataka wanafunzi wapate alama 90 au zaidi katika mtihani huu ndipo waruhusiwe kugawa dawa.

KUKARIRI HAKUTOSHI

Mwenye shahada huja na mazoea ya kusoma na kukariri, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Mitihani ya uuguzi huuliza nini kifanywe kwanza. Chukulia mfano wa wagonjwa wanne. Mmoja alipasuliwa jana, naye anaomba dawa ya maumivu. Wa pili ana ugonjwa wa sukari, anangojea insulini na chakula cha asubuhi. Wa tatu ameruhusiwa kwenda nyumbani. Wa nne ana pumu. Saa moja iliyopita kifua chake kilikuwa kikipiga filimbi, na sasa kimenyamaza, naye amechoka.

Asiyejua hudhani huyu wa nne amepata nafuu. Sivyo. Kifua kimenyamaza kwa sababu hewa karibu haipiti tena, na huyo ndiye wa kukimbiliwa kabla ya wote. Uwezo wa kuona hatari iliyojificha ndani ya ukimya ndio kiini cha uuguzi, na haupatikani kwa kukesha na daftari usiku mmoja.

MEZA YA NYUMBANI

Kwa hiyo nyumba ya mwanafunzi hapana budi ipangwe kabla ya siku ya kwanza. Ratiba ya zamu na mitihani ibandikwe jikoni, mahali ambapo kila mtu ataiona. Ikiwa mwanafunzi ni mama, baba akubali kushika sufuria na kuwapeleka watoto shuleni. Maharage na nyama vipikwe kwa wingi siku ya Jumapili na kuhifadhiwa katika friji, ili Jumatano isiwe siku ya kulala na njaa. Apatikane mtu wa pili wa kumtazama mtoto akiugua ghafla, kwa maana hospitali haihesabu udhuru huo kuwa mahudhurio. Na usingizi ulindwe kama chakula, kwani aliyelala saa tatu tu hapaswi kushika sindano.

FEDHA NA MATUMAINI YA JAMAA

Hapa ndipo penye jambo gumu kuliko yote. Waafrika wengi waliohamia Marekani hufanya kazi ya usaidizi katika nyumba za wazee, na kutokana na zamu hizo hutuma karo na matibabu nyumbani. Vyuo huwashauri wanafunzi wa njia hii fupi wasifanye kazi kabisa, au wapunguze sana. Aliyeingia kwa viza ya masomo, wakati wa muhula, haruhusiwi kuzidisha saa 20 kwa juma, tena za kazi za chuoni. Ruzuku kubwa ya serikali ya Marekani kwa wanafunzi wasio na uwezo huwapa wale ambao bado hawana shahada. Huyu anayo, basi hubakiwa na akiba yake au mkopo.

Jamaa waliobaki nyumbani wasipoambiwa hayo, huendelea kuomba. Naye, kwa aibu ya kukataa, hurudi kwenye zamu za usiku, akasinzia darasani, akaanguka. Mwaka wa msaada uliookolewa hugeuka kuwa miaka ya deni. Ni heri kikao kifanywe mapema kwa simu, wazee wakiwepo, ikaelezwa wazi kwamba kwa muda wa miezi hiyo mkono utakuwa mfupi, na sababu yake ni ipi.

MLANGO WA MWISHO

Shahada ikipatikana, bado kuna mtihani wa taifa wa leseni. Hufanywa kwa kompyuta, maswali 85 hadi 150, kwa muda usiozidi saa 5. Kila ajibupo sawasawa, lijalo huwa gumu zaidi. Akifaulu, baraza la wauguzi la jimbo lake humwandikisha kuwa muuguzi aliyesajiliwa.

Basi mtu wa nyumbani akipiga simu na habari hiyo njema, apongezwe kwa moyo wote. Kisha aulizwe maswali matatu: masomo ya sayansi yamekamilika? Nani atawatazama watoto? Fedha za miezi hiyo zipo? Na anayeuliza awe tayari, kwa upande wake, kungoja. Mchumia juani hulia kivulini, lakini hawezi kuchuma vizuri akiwa ameshikwa mkono na wanaotaka kula kabla ya mavuno.