Kabla hujapanda Mlima Kenya, pima pawabenki yako kwa mizani

Ni saa nane usiku katika kambi ya Shipton, takriban mita 4,200 kutoka usawa wa bahari. Mwelekezi anagonga mlango, chai inanyweka mbio mbio, kila mtu anavaa soksi ya tatu. Unatoa simu yenye chaji asilimia 38, unapiga nyota picha moja, na simu inazima papo hapo. Unachomeka pawabenki uliyonunua tao juzi, ile iliyoandikwa 50,000. Inawasha kataa kamoja, halafu nayo inalala.

Mimi yalinipata katika safari yangu ya kwanza ya kuelekea Point Lenana. Na usidhani nilikuwa nalilia selfi. Mwenzetu mmoja alikuwa ameanza kuumwa kichwa na kutapika, ishara kwamba mlima umemkataa na lazima ashuke. Dereva wa kutuchukua katika lango la Sirimon alikuwa amepangiwa kuja kesho yake. Mwelekezi alikuwa na kabambe yake, imejaa chaji, lakini namba ya dereva ilikuwa kwenye simu yangu pekee. (Wewe unajua namba ngapi kichwani? Mimi mbili: ya mama na yangu.)

Tulianza kushuka naye polepole. Mwelekezi akaniambia niiweke simu ndani ya jaketi, karibu na ngozi. Baada ya kama nusu saa nikaiwasha, ikaonyesha asilimia 21. Tulipofika penye mtandao nikampata dereva.

Simu haikuwa imeisha chaji. Betri za lithiamu huzalisha umeme kwa mmenyuko wa kikemikali, na baridi kali huuzubaisha mmenyuko huo. Nguvu inashuka ghafla, simu inadhani imekwisha, inajizima. Ukiipasha joto, sehemu kubwa ya chaji inarudi. Kwa hivyo usiku lala na simu, pawabenki na tochi yako ya kichwani ndani ya mfuko wa kulalia. Tena usichaji simu iliyoganda: kuchaji betri iliyo chini ya nyuzi sifuri huiharibu kabisa, na haiponi ukirudi Nairobi.

Sasa tuje kwa hizo namba za kwenye boksi. Pawabenki ya 10,000 haijazi simu ya 5,000 mara mbili. Betri za ndani hufanya kazi kwa volti 3.7 hivi, ilhali kebo hutoa volti 5 au zaidi, na katika kubadilisha huko umeme mwingine hupotea kama joto. Hesabu kwamba thuluthi moja imekwenda. Pawabenki ya 10,000 ina saa-wati 37, unabaki na kama 25. Simu ya 5,000 inameza karibu 19. Yaani umejaza mara moja na kidogo. Ya 20,000 itajaza kama mara mbili na nusu.

Hiyo ni kama namba ni za kweli. Yangu ya "50,000" ilikuwa uongo mtupu, na ningeugundua pale pale dukani kama ningekuwa na mizani. Betri moja ya mviringo, zile zinazojazwa ndani ya pawabenki nyingi, ina uzito wa gramu 45 hivi, na zilizo bora kabisa hubeba karibu 3,500. Kupata 50,000 unahitaji kama 15, zaidi ya gramu 650 kabla hujahesabu kasha. Yangu ilikuwa nyepesi kuliko nusu pakiti ya unga! Ya kweli ya 10,000 huwa na gramu 200 hivi, ya 20,000 huwa kati ya 350 na 450. Ukiambiwa vingine, weka pesa mfukoni uendelee na safari.

Kwa siku nne mlimani, mimi hubeba mbili za 10,000 badala ya moja ya 20,000. Moja ikianguka mtoni, bado uko hai. Na simu inakaa kwenye hali ya ndegeni mchana kutwa, maana simu inayotafuta mtandao bondeni inakula chaji kuliko kamera.

Vipi sola? Kile kipaneli kilichobandikwa mgongoni mwa pawabenki ni pambo. Kwenye jua kali hutoa wati moja au moja na nusu. Kuijaza ya 20,000 kutahitaji zaidi ya saa 50 za jua kamili, na Mlima Kenya mara nyingi hujifunika mawingu kuanzia adhuhuri. Paneli ya kukunjua ya wati 20 inafaa ukikaa kambi moja wiki nzima, tuseme Chalbi. Huko itandaze paneli juani, lakini pawabenki ifiche kivulini, kwa sababu joto kali nalo ni adui wa betri. Ukiruka kwenda Lodwar, iweke kwenye begi la mkononi. Kwenye mizigo ya chini ya ndege haikubaliwi.

Na namba ya dereva iandike kwenye karatasi. Yangu siku hizi iko ndani ya kasha la simu, pamoja na ya mwelekezi.