Ubunifu wa Makazi Nakuru: Jana na Leo

Ubunifu katika usanifu wa nyumba aghalabu huhusishwa na vioo, zege na ghorofa. Dhana hii ni finyu. Katika kilima cha Hyrax, karibu na Nakuru, Mary Leakey alichimbua mashimo ya kale mnamo 1937 na 1938. Awali mashimo kama hayo yalidhaniwa kuwa nyumba. Baadaye, mtafiti J. E. G. Sutton alibainisha kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe, huku nyumba zikiunganishwa ubavuni. Mchoro huo ulijibu haja ya wakati wake, yaani usalama wa mifugo.

Je, mchoro wa leo unajibu haja gani? Katika miaka ya 2010 Ziwa Nakuru lilianza kupanda na kuwahamisha wakazi wa kandokando yake. Aidha, Nakuru ilipata hadhi ya jiji mwaka 2021, na ujenzi unazidi kupanuka. Hivyo basi, msanifu anayeinua msingi, anayekinga maji ya mvua paani na kutumia matofali ya udongo ulioshindiliwa, yasiyochomwa kwa kuni, anastahili kuitwa mbunifu hata kama nyumba yake haina vioo vingi.