Bao la Jioni Barazani

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, kama ilivyo Lamu na Unguja, watu wakiisha kuswali alasiri na jua likipungua ukali, wako wanaume ambao hawaulizwi waendako, kwa kuwa kila mtu wa nyumbani anajua. Wanakwenda barazani. Huko ubao wa mti mgumu umekwisha wekwa, kete zimo mashimoni, na muuza kahawa anapita na dele lake akigonganisha vikombe. Watu ni wale wale wa jana na juzi: mchukuzi wa mizigo, fundi cherehani, karani aliyestaafu, mwenye duka la nafaka, na vijana wawili watatu walioketi ukingoni bila kusema neno. Asipoonekana mmoja kwa siku mbili, siku ya tatu mtu hutumwa kwake kuuliza hali.

Wasomaji wa bara hawana haja ya kuuona mchezo huu kuwa mgeni. Wajaluo wana ajua, Wakikuyu wana giuthi, na Waganda wana omweso. Yote ni ya ukoo mmoja, ukoo wa mashimo na mbegu. Lakini bao la Waswahili lina sheria nyingi kuliko ndugu zake wengi, na mtu aliyezoea ajua akaketi mbele ya fundi wa Mombasa kwa kudhani kwamba ni mambo yale yale, ataondoka hapo upesi.

Ubao una safu 4, na kila safu ina mashimo 8. Safu mbili ni za mchezaji mmoja na mbili ni za mwenziwe. Kete ni 64, na zilizo bora ni komwe, yaani mbegu za mkomwe, kichaka chenye miiba kinachoota pwani. Ni ngumu, za rangi ya kijivu, na hupata kung'aa kwa kushikwa miaka mingi. Kila mchezaji huanza kwa kuweka kete 10 tu ubaoni. Kete 6 huwekwa katika shimo liitwalo nyumba, ambalo ni la tano katika safu ya mbele kutoka mkono wa kushoto, na kwa kawaida huchongwa mraba ili litambulikane. Mashimo mawili yaliyo kuumeni kwake hupata kete 2 kila moja. Zilizobaki, 22, hukaa mkononi, na mchezaji huzitia moja moja kila zamu yake inapofika. Sehemu hii huitwa kunamua. Kete za mkononi zikiisha huanza sehemu ya pili, ambayo mtu hucheza kwa kete zilizo ubaoni peke yake.

Kula ni namna hii. Kete ikitiwa katika shimo la mbele ambalo tayari lina kete, na shimo la adui linalolikabili nalo lina kete, basi zile za adui huchukuliwa zote, nazo hutawanywa moja moja upande wa mlaji, kuanzia shimo la mwisho linaloitwa kichwa. Kete ya mwisho ikiangukia penye kete, mchezo huendelea, na pengine mtu hula tena na tena, mkono ukizunguka ubao mpaka watazamaji wanainuka. Ikiangukia shimo tupu, mchezaji amelala. Hapo ndipo kelele za barazani huanza, maana hakuna neno linalofaa mzaha kuliko hilo, na aliyelala vibaya huulizwa kama aletewe mkeka na mto.

Jambo moja linalitofautisha bao na dama na sataranji. Katika michezo ile kilicholiwa hutolewa nje. Katika bao hakuna kinachotoka. Kete zilizoliwa humtumikia aliyezila, na baada ya zamu mbili huweza kurudi zilikotoka. Zile 64 ni 64 mpaka mwisho, na anayeshindwa ni yule ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu, au hana tena la kucheza. Kwa sababu hiyo mtu aliyeonekana tajiri wakati kahawa inamiminwa huenda akawa maskini kabla kikombe hakijapoa.

Nyumba ndiyo inayowakosesha wanaojifunza usingizi. Kete zikizidi kukusanyika humo, mwenyewe hujiona salama, kumbe amewekea adui akiba. Aliye hodari huliangalia shimo la adui linaloikabili nyumba yake kuliko anavyoiangalia nyumba yenyewe, kwani shimo hilo likiwa tupu, nyumba haiwezi kuliwa. Wakati wa kunamua, kete ya mwisho ikiangukia nyumbani mwake pasipo kula, huwa na hiari: alale hapo na kuiacha ikue, au aivunje na kutawanya kete zote, yaani aende safari. Akiondoka mapema amepoteza nguvu. Akikawia, ataliwa nyumba nzima, na mchezo umekwisha ingawa haujaisha. Katika jambo hili mafundi wenyewe hawapatani, na ubishi wake huendelea hata wakiwa njiani kwenda kuswali magharibi.

Bao halina dadu wala karata ya kufichwa. Kila kitu ki wazi mbele ya wawili wale, na aliyefungwa hana bahati mbaya ya kuisingizia. Ni jambo zito kwa mtu wa cheo. Karani aliyezoea kuamrisha huja akakaa mbele ya mchukuzi ambaye pengine hakusoma hata kidogo, akafungwa mara tatu, mbele ya watu, naye hana budi kumwachia kiti anayengoja. Wengine hawarudi tena. Wale wanaorudi ndio wanaofanya baraza kuwa baraza.

Elimu ya mchezo huu ilivuta hata wataalamu wa ng'ambo. Mholanzi Alex de Voogt alifanya utafiti juu ya mafundi wa bao wa Unguja katika miaka ya 1990. Na Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania, alijulikana sana kwa kulipenda bao. Hata hivyo elimu hiyo haikai vitabuni. Sheria zaweza kuandikwa, na zimeandikwa. Lakini kuona zamu tatu mbele, kujua kwa kutupa jicho kama shimo lina kete 7 au 8, na kuthubutu kulala pale ambapo mjinga angeendelea, hayo hupatikana kwa kuketi karibu na wajuao, jioni baada ya jioni. Siku hizi kijana aweza kucheza na simu yake, nayo humhesabia kete na kumkataza kosa. Basi hakosei, wala hajui kwa nini hakukosea. Wazee wanapofariki, na viti vyao vikakaliwa na watu wa kupitisha wakati tu, hupotea namna za kucheza ambazo hapana aliyezitaja kwa jina.

Kwa hiyo wale vijana wa ukingoni hawako pale bure. Kwa muda mrefu kazi yao ni kuokota kete zilizodondoka, kumwita muuza kahawa, na kutazama. Kisha jioni moja mchezaji hodari huchelewa, kiti ki tupu, na mzee humwambia mmoja wao, "Njoo, mwanangu, tuone ulichoiba." Kijana huketi, akatia kete yake ya kwanza kwa mkono unaotetemeka. Mzee hamwonei huruma, kwa kuwa kumwonea huruma ni kumtukana. Kabla ya adhana amekwisha fungwa, naye humwamkia mzee kwa heshima, akarudi ukingoni, akitazama lile shimo alilolala.