Ramani, Dira na Kanuni za Kupishana Baharini

Usalama wa chombo kinachosafiri karibu na pwani hutegemea mambo mawili ambayo nahodha hana budi kuyajua wakati wote, nayo ni mahali chombo chake kilipo na mwendo wa vyombo vinavyomzunguka. Karibu na nchi kavu ndiko kuliko na miamba, mafungu na msongamano wa vyombo, ndiyo maana elimu ya uongozaji wa chombo pwani huanza na ramani ya bahari.

Ramani hiyo huonyesha minara ya taa, maboya na kina cha maji. Kina kilichoandikwa humo huhesabiwa kutoka usawa wa maji yanapokupwa kabisa, hivyo nahodha huongeza juu yake kimo cha maji cha saa ile kinachopatikana katika majedwali ya kupwa na kujaa. Zanzibar, ambako wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa takriban mita 4, fungu linalopitika maji yakijaa huweza kuwa kavu saa sita baadaye. Umbali nao hupimwa kwenye ukingo wa kushoto au wa kulia wa ramani, usawa wa mahali chombo kilipo, kwa kuwa dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, yaani mita 1852.

Ili kujua alipo, nahodha aliye magharibi ya Unguja huweza kuulenga kwa dira mnara wa taa wa Chumbe, uliojengwa mwaka 1904, kisha minara ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu mjini. Baada ya kusahihisha hitilafu za dira, huchora mstari kutoka kila alama, na mistari inapokatana ndipo chombo kilipo. Alama ya tatu huongezwa kwa ajili ya uhakiki, kwani mistari mitatu ikifanya pembetatu kubwa, ni dalili kwamba kipimo kimojawapo kina kosa.

Dira hiyohiyo hufichua hatari ya kugongana, kwa kuwa chombo kinachozidi kukaribia huku kikionekana katika nyuzi zilezile za dira kinaelekea kugongana na kinachokitazama. Kwa mujibu wa Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, vyombo viwili vya injini vinavyoelekeana uso kwa uso hugeukia kulia vyote viwili, na vinapokatizana njia, kinachomwona mwenzake upande wake wa kulia ndicho kinachompisha. Usiku, taa nyekundu ya ubavu wa kushoto na ya kijani ya ubavu wa kulia humwonyesha nahodha upande anaouona. Jahazi linalosukumwa na injini, hata likiwa limetweka tanga, huhesabiwa kuwa chombo cha injini.

Kanuni hizo huagiza pia kwamba hatua ya kupisha ichukuliwe mapema, tena kwa kugeuka kiasi cha kuonekana wazi na mwenzake. Mitambo ya setilaiti imerahisisha kazi ya kujua mahali chombo kilipo, lakini haichukui nafasi ya macho yanayotazama bahari. Kwa hiyo kila anayebeba roho za watu, awe na meli au mashua ya injini, na ajifunze kuisoma ramani na kanuni hizi kabla ya kung'oa nanga.