Mwaka 1986: Mwanao anajua kwamba Songea iliwahi kuwa bingwa?

MTOTO wa miaka 10 wa Bombambili, mjini Songea, anaweza kukutajia kikosi cha Arsenal au Real Madrid kuanzia kipa hadi wa akiba. Muulize ni timu gani ya mji wake iliyowahi kutwaa ubingwa wa nchi, huenda akabaki anakutazama tu.

Jibu ni Majimaji, Wanalizombe. Na kama kuna mwaka mmoja ambao mzazi anaweza kuutumia kumsimulia mwanawe habari za mpira, wa nyumbani na wa dunia kwa pamoja, ni 1986.

Mwaka huo Majimaji ilichukua ubingwa wa Ligi ya Muungano, iliyokutanisha vilabu bora vya Bara na Zanzibar. Ilikuwa mara ya pili mfululizo, kwani ilikuwa bingwa mwaka 1985 pia. Mara ya tatu ilikuja mwaka 1998. Kwa timu inayotoka zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, katika nchi ambayo mashabiki wengi ni wa Simba au Yanga, hilo halikuwa jambo dogo.

Hata majina yenyewe ni somo. Klabu na uwanja wake vimebeba jina la Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Mji una jina la Songea Mbano, shujaa wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Lizombe ni ngoma ya Wangoni. Mtoto anayeelewa maneno hayo matatu ameshajua nusu ya historia ya alikozaliwa.

Dunia nayo ilikuwa Mexico

Mwaka huohuo Kombe la Dunia lilichezwa Mexico. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni wakati huo. ITV ilianza mwaka 1994. Habari za mpira zilifika kwa redio na magazeti. Hiyo ilikuwa miaka ya uhaba wa bidhaa, na betri zilizoishiwa nguvu zilianikwa juani ili zisukume siku moja zaidi. Mwambie hivyo mtoto anayelalamika kwamba bando limekwisha, kisha umwone uso wake.

Juni 22, katika Uwanja wa Azteca, Argentina ilicheza na Uingereza katika robo fainali. Mechi ilianza saa 6 mchana kwa saa za huko, yaani saa 3 usiku kwetu. Diego Maradona, akiwa na miaka 25, alifunga bao la kwanza kwa mkono. Mwamuzi Ali Bennaceur wa Tunisia hakuuona, na bao likakubaliwa. Dakika nne baadaye Maradona alichukua mpira upande wake wa uwanja, akawapita Waingereza mmoja baada ya mwingine pamoja na kipa, akafunga bao ambalo wengi wanaliita bora kuliko yote. Argentina ilishinda 2-1, na Juni 29 ikaifunga Ujerumani Magharibi 3-2 katika fainali.

Hapo ndipo mtoto atauliza: yule aliyefunga kwa mkono ni mwizi au ni shujaa? Usikimbilie kujibu. Mwache aseme yeye kwanza. Mazungumzo ya dakika 10 juu ya bao hilo yanaweza kumfundisha uaminifu kuliko mahubiri ya saa nzima.

Msisahau Waafrika. Timu zilikuwa 24, na Afrika ilikuwa na mbili tu, Algeria na Morocco. Morocco ilitoka suluhu na Poland na Uingereza, ikaifunga Ureno 3-1, ikaongoza kundi. Ikawa timu ya kwanza ya Afrika kuvuka hatua ya makundi. Ilitolewa na Ujerumani Magharibi 1-0, kwa bao la dakika ya 87. Mtoto anayekumbuka Morocco ilivyofika nusu fainali mwaka 2022 ajue kwamba njia hiyo ilianza kufyekwa mapema.

Kwa nini sasa

Kombe la 2026 ni la Marekani, Canada na Mexico, na mechi ya ufunguzi imepangiwa Azteca ileile, miaka 40 baadaye. Timu ni 48. Mechi nyingi zinaangukia usiku mzito kwa saa zetu, na mtoto atataka kwenda kibanda umiza.

Hapo mzazi ana kazi. Chagueni pamoja mechi chache za kutazama nyumbani au kwa jirani mnayemwamini. Nyingine apate matokeo asubuhi, kama babu yake alivyoyapata. Zungumzeni pia juu ya mikeka. Sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kubeti, lakini kijana huanza kwa kumwona mkubwa wake akifanya hivyo. Baba anayeweka hela ya daftari kwenye mkeka atapata shida kumkataza mwanawe.

Kisha mpelekeni Uwanja wa Majimaji. Timu ilishuka Ligi Kuu mwaka 2018, na mtoto akiuliza kwa nini, mwambieni kweli kwamba ubingwa hauliwi milele. Mkiwa na mzee wa mtaani aliyeishuhudia timu ile ya 1986, mwombeni akae na watoto jioni moja. Wazee hao hawazidi kuongezeka, na wanayoyakumbuka mengi hayapo kwenye simu.