Kubagua na Kupambanua: Matumizi ya Kitenzi cha Kiingereza "discriminate"

Mzungumzaji wa Kiswahili anapokutana na kitenzi "discriminate" kwa kawaida hukifasiri kuwa kubagua. Fasiri hiyo ni sahihi lakini haitoshi, kwa kuwa vitenzi hivi viwili havilingani kisarufi wala kimaana.

Kubagua ni kitenzi elekezi, na kiambishi cha yambwa hukaa ndani yake: walimbagua. Kitenzi "discriminate", kinapomaanisha kumtendea mtu isivyo haki, hakimpokei mtendewa moja kwa moja. Sharti mtendewa atanguliwe na kihusishi "against". Kwa hiyo tungo "they discriminated her", iliyofinyangwa kwa umbo la walimbagua, si sanifu. Iliyo sanifu ni "they discriminated against her". Ugumu mkubwa zaidi umo katika kauli ya kutendwa. Katika "she was discriminated against" kihusishi hubaki mwishoni bila nomino ya kukifuata. Kiswahili, ambacho husema tu alibaguliwa, hakina muundo wa namna hiyo, na hapo ndipo kihusishi hudondoshwa.

Kihusishi kikibadilika, maana nayo hubadilika. "Discriminate between" ni kupambanua au kutofautisha, na hakuna lawama ndani yake. Maana hii ndiyo iliyo karibu na asili ya neno, yaani kitenzi cha Kilatini "discriminare", kutenganisha. (Kubagua nako kuna maana kongwe ya kutenga, ingawa leo lawama imeifunika.) Mgawanyiko huo umo hata katika vivumishi: "discriminating" humsifu mtu mwenye uteuzi mzuri, ilhali "discriminatory" hushutumu.

Suala hili lina uzito wa pekee nchini Tanzania tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamkataza mwajiri kubagua, kisha kinaeleza kwamba si ubaguzi kumtofautisha, kumwacha au kumpendelea mtu kwa sababu ya matakwa halisi ya kazi yenyewe. Kiingereza cha kifungu hicho kimetumia vitenzi viwili tofauti, "discriminate" na "distinguish". Mfasiri atakayevifasiri vyote kwa kubagua atakifanya kifungu kijipinge chenyewe, na mfanyakazi anayedai haki yake hatajua ni tendo lipi analoruhusiwa kulilalamikia.

Kwa maoni yangu, kigezo cha kufuatwa kimo katika Ibara ya 13(5) ya Katiba ya mwaka 1977. Ibara hiyo haiishii kwenye kutofautisha watu kwa kabila, rangi, dini au hali ya maisha. Inataka pia tofauti hiyo iwe imewafanya baadhi yao wahesabiwe kuwa dhaifu au duni. Aidha, inaiachia Serikali nafasi ya kuchukua hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii. Hatua hizo hutofautisha watu, lakini hazibagui.